Sanaa ya watu wote: kutoka uwanja wa ngoma hadi mkutano wa kijiji

Makundi mawili ya ngoma huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Kila kundi lina manju wake, wapigaji wake na nyimbo mpya. Watu huzunguka, husikiliza huku, huchungulia kule, kisha husimama pale walipopapenda. Kundi lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda.

Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyoshindana tangu karne ya 19, tangu walipogawanyika pande mbili: Bagika, wafuasi wa manju Ngika, na Bagalu, wafuasi wa mpinzani wake Gumha. Msimu wenyewe ni baada ya mavuno, hasa Juni na Julai, chakula kikiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi. Kwa kuwa hukumu iko miguuni mwa watazamaji, wachezaji hawana ruhusa ya kuchosha. Wakaleta nyoka uwanjani, wakaleta nungunungu, wakachonga vinyago vya kushtua watu. Wacheza bugobogobo wakayafanya majembe kuwa mapambo ya mchezo, wakiyarusha na kuyadaka, kwa sababu ngoma yenyewe ilizaliwa shambani, vikundi vya wakulima vilipolima kwa mdundo.

Kwetu mkoani Mara mambo hayo si ya mbali. Wasukuma ni majirani zetu, na wengi wao ni wakazi wa Bunda. Wakurya nao wana litungu, chombo kikubwa cha nyuzi nane, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Mpiga litungu haimbi hewani. Humtaja aliyeketi mbele yake, humsifu, humkumbusha ukoo wake, na aliyetajwa hujibu kwa kuinuka, kucheza au kutoa chochote. Bila majibu hayo wimbo haujakamilika.

Siku hizi mijini husikika sana habari za sanaa shirikishi, yaani sanaa ambayo mtazamaji naye hutenda. Huzungumzwa kama jambo jipya lililoletwa na semina. Historia ya Afrika Mashariki inaonesha kwamba ni mali yetu ya siku nyingi. Inatupa pia kipimo cha kutofautisha ushirikishwaji wa kweli na ule wa jina tu: baada ya watu kucheza, kuimba na kusema, neno lao linakwenda wapi?

Beni na taarabu: mji unajitazama

Miji ilipokua chini ya ukoloni, watu waliohamia huko waliondoka na ngoma zao, lakini pia walitunga nyingine. Iliyosambaa kuliko zote ni beni, iliyoanzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliiga bendi za kijeshi za Wazungu: tarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari waliorudi waliieneza Tanganyika yote. Vyama viwili vikatawala, Marini na Arinoti, kila kimoja na wafuasi wake na majivuno yake.

Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliitazama kwa wasiwasi, wakihofu kwamba nyuma ya ngoma kuna njama. Walichoshindwa kuona ni kwamba vijana wale walikuwa wakijenga mji wao wenyewe. Mgeni aliyefika mjini bila ukoo alipata chama cha kumzika akifa na kumtembelea akiugua. Mtu aliyeamrishwa kutwa nzima kazini, jioni alikuwa jenerali mbele ya watu wake.

Zanzibar nako, ambako klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, taarabu ilikuza ushiriki wa aina nyingine. Mwanamke husubiri ubeti unaomgusa, akainuka, akatembea kwa madaha hadi mbele na kumtuza mwimbaji. Ukumbi mzima hutazama ameinuka kwenye neno gani na jicho lake limeelekea wapi. Mshairi alitunga maneno, lakini aliyetuza ndiye aliyeamua usiku ule yanamhusu nani. Ugomvi ambao ungeweza kuzuka kisimani au sokoni hupata mahali pa kusemwa bila kutaja jina.

Uhuru na majibu yaliyoandaliwa

Desemba 10, 1962, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alilihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri ya Tanganyika. Alisikitika kwamba Waafrika waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya na Amerika ya Kusini, lakini wengi hawakujua gombesugu, mangala, kiduo wala lelemama. Akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kwa taifa lililofundishwa kwamba halina utamaduni, lilikuwa tangazo zito.

Lakini ngoma ilipopewa hadhi ya taifa, ilianza kubadilika umbo. Vikundi vilicheza kwenye viwanja vya ndege na kwenye sherehe, wachezaji mbele, viongozi kwenye viti, wananchi nyuma ya kamba. Ngoma iliyokuwa ikichezwa saa nyingi ikafupishwa kuwa dakika chache. Mduara ukanyooka ukawa mstari.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukaja wakati wa ngonjera, mashairi ya majibizano yaliyopata umaarufu kwa kazi za Mathias Mnyampala, mwandishi wa Ngonjera za UKUTA. Shuleni na kwenye mikutano, mmoja aliuliza au alipinga, mwenzake akamwelewesha, na mwisho aliyepinga akakubali. Kiswahili kilinufaika sana, na watoto wengi walijifunza kusimama mbele za watu bila woga. Hata hivyo mjadala ulikuwa umeshamalizika kabla haujaanza, kwa kuwa jibu lilijulikana. Hadhira ilialikwa kupiga makofi.

Kamiriithu: wanakijiji wanapokuwa waandishi

Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na vibarua walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mchezo wa Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini wanakijiji waliusoma, wakausahihisha lugha, wakaongeza nyimbo na kumbukumbu zao za ardhi iliyoporwa. Mazoezi yalifanyika hadharani. Aliyepita njia aliweza kusimama na kusema kwamba mzee wa umri ule hazungumzi hivyo.

Mchezo ulianza kuoneshwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini takriban mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali iliyotuma nguvu kubwa hivyo kuvunja ukumbi wa kijiji ilikuwa imetambua jambo moja kwa usahihi: watu waliojifunza kutunga mchezo wao hawatakubali kirahisi kutungiwa maisha.

Malya: shule iliyo jirani na sisi

Mwaka huohuo wa 1982, upande wa Tanzania, jambo lingine lilianza Malya, kijiji chenye kituo cha reli katika Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifika bila mchezo ulioandikwa. Walianza kwa kuuliza na kusikiliza, na wanakijiji walishiriki kutaja matatizo yao wenyewe. Lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa hali ya vijana: kukosa shughuli, na wasichana kupata mimba.

Vijana wakatunga maonesho kutokana na mambo hayo, wakitumia ngoma za Kisukuma wanazozijua. Baada ya onesho watu hawakuagana. Mjadala ulikuwa sehemu ya onesho, na kilichosemwa kilitakiwa kifuatiliwe. Kazi iliendelea hadi mwaka 1983, na njia hiyo ikapelekwa kwingine, Msoga mwaka 1985 na Mkambalani mwaka 1986. Mlama aliielezea baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Duniani kote kulikuwa na watu waliofikiri hivyo. Nchini Botswana kampeni ya maigizo ya Laedza Batanani ilianza mwaka 1974. Mwaka huohuo Augusto Boal wa Brazili, aliyefungwa na kisha kuishi uhamishoni, alichapisha kitabu chake kuhusu tamthiliya ya wanaokandamizwa. Katika njia yake, mtazamaji huweza kusimamisha mchezo, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu kutenda tofauti. Upekee wa Malya ni kwamba haikuhitaji kuwafundisha watu kushiriki. Walikuwa na ngoma tayari. Kilichoongezwa ni hatua ya baada ya ngoma: kuuliza tufanye nini, na nani atafanya.

Wasichana wanasema

Mwaka 1996, Mlama na Lihamba waliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari kupitia mradi wa TUSEME. Wasichana waliokuwa wakishindwa masomo walisaidiwa kuchunguza wenyewe kinachowarudisha nyuma: kazi nyingi za nyumbani, kusumbuliwa na wanaume njiani, walimu wanaowapuuza, aibu ya kuongea. Wakatunga maigizo na nyimbo, wakaonesha mbele ya walimu na wazazi, kisha wakaunda vilabu vya kufuatilia. FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaopigania elimu ya wasichana, likaieneza njia hiyo katika nchi nyingine za bara hili.

Fikiria msichana akiigiza unyanyasaji mbele ya mkuu wa shule. Kulisema jambo lile ofisini kungemletea kiboko au aibu. Uwanjani, akiwa na wenzake na akiwa ndani ya mhusika, analisema lote, na watu wote wamesikia.

Mara inahitaji jambo hilo kuliko mikoa mingi. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini katika baadhi ya jamii za mkoa wetu kisu hakijawekwa chini. Mashirika, shule na polisi wamekuwa wakitumia maigizo na nyimbo kupinga ukeketaji. Ni kazi njema. Lakini mara nyingi gari huja, spika hufungwa, igizo huchezwa, fulana hugawiwa, na gari huondoka kabla bibi aliyeketi pembeni hajasema lililo moyoni mwake. Ni ngonjera imerudi kwa mlango mwingine: hadhira inajua jibu linalotakiwa, inalitoa, na nyumbani mambo yanabaki yalivyo.

Tuanzie Kiriba

Chukua mfano wa uvuvi haramu, unaotugusa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria. Kila mkutano husema makokoro na nyavu za macho madogo zinamaliza samaki, na kila mkutano huwalaumu vijana wanaovuta. Tungeigiza jambo hilo mwaloni Kiriba, Musoma Vijijini, au viwanja vya Mukendo mjini Musoma, tukamruhusu yeyote kusimamisha mchezo, ndani ya dakika chache mtu angeuliza kokoro lilinunuliwa kwa fedha ya nani. Kijana anayevuta si mwenye mtaji. Mama anayeanika dagaa angesema anachouza siku ziwa likifungwa. Mwenye mtumbwi angejibu. Hapo ndipo kijiji kingeanza kuujua ukweli wake, na ukweli huo hautapatikana kwenye hotuba.

Kisha ije hatua ambayo Malya iliisisitiza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mwaka uleule wa Malya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Mkutano huo hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na wote tunajua mahudhurio yake yalivyo hafifu mahali pengi. Watu wanaojaa uwanjani kwenye ngoma ndio haohao wasioonekana kwenye mkutano, kwa kuwa ngoma inawahitaji na mkutano unawahesabu tu.

Basi viongozi wa vijiji na kata za Musoma, Bunda na Butiama waanze mkutano mmoja kwa igizo lililotungwa na wakazi wenyewe, mjadala wake uandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza lipi limetekelezwa. Gharama yake ni ndogo: vijana tunao, ngoma tunazo, uwanja upo. Kinachotakiwa ni mwenyekiti aliye tayari kuketi katikati ya watu wake na kujibu akiulizwa.