Kwete ya Awindiri

Watu wa mashirika wakisikia neno pombe, wanaandika "tatizo". Wamama wengi wa kambini wakisikia neno hilohilo, wanahesabu ada ya shule. Pande zote mbili zina haki. Lakini mazungumzo yetu hayana historia, na bila historia tunamlaumu mama mwenye chungu kwa mambo yaliyoanza kabla bibi yake hajazaliwa. Kwa hiyo nitaeleza kilabu cha kwete ninachokijua, kile cha Awindiri, hapa Arua mjini.

Mimi ni Mkongo wa Ituri. Nimesajiliwa Rhino Camp, na nikija mjini nafikia Awindiri. Kilabu chenyewe ni ua tu: mwembe, mabenchi, mapipa ya plastiki. Hakina jina ukutani, watu wanakiita kwa jina la mama mwenyewe. Kwete ni pombe ya mahindi. Unga unalowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke, unakaangwa juu ya moto, halafu unachanganywa na maji na kimea cha ulezi, unaachwa uchachuke tena. Ni nzito na inashibisha. Machicha yanaenda kwa nguruwe. Haikai muda mrefu, inaharibika upesi, kwa hiyo lazima watu waje wengi, waje leo. Hapo ndipo utamu wa kilabu unapoanzia: kwete haiwezi kufungiwa kabatini.

Zamani kwa Walugbara pombe ya nafaka ilikuwa ya ukoo zaidi kuliko ya soko. John Middleton, msomi Mwingereza aliyekaa kwao kuanzia 1949, aliandika jinsi ilivyotolewa kwa mizimu na kunywewa na wazee pamoja. Mji ulileta mambo mengine. Kituo cha Arua kilianzishwa 1914, mwaka ambao West Nile iliingizwa Uganda. Kabla yake sehemu hii ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha kuanzia 1910 chini ya Sudan. Serikali tatu katika miaka michache, na wenyeji wamekaa palepale! Mtu wa Arua akinitania kwamba nimevuka mpaka, namkumbusha kuwa babu yake alivukwa na mpaka.

Mji ulileta askari, makarani na vibarua wa mshahara, watu walio mbali na ukoo wao. Mtu kama huyo anakunywa wapi? Kwa mama anayeuza.

Pombe kali ina njia yake. Wanajeshi Wanubi ambao Lugard aliwachukua Kavalli mwaka 1891 walikuja na familia zao, na wamama wa Kinubi wakajulikana kwa kupika araki. Wengi wanaona neno waragi limetoka hapo, ingawa wengine wanasema ni Kiingereza, jini ya vita. Mkoloni aliwakataza Waafrika pombe kali. Baada ya uhuru, sheria ya enguli ya miaka ya 1960 ikataka mpikaji awe na leseni na auzie kiwanda. Mwaka 2019 waragi ya vipakiti ikapigwa marufuku. Kwa miaka yote hiyo kiwanda kilipata leseni, na mama wa mtaani mara nyingi alipata askari mlangoni.

Chuo Kikuu cha Muni kilianzishwa 2013. Desemba ya mwaka uleule vita vilizuka Sudan Kusini. Basi wanafunzi na wakimbizi wapya tulijaa mji huu karibu pamoja, wote tukitafuta chumba cha bei ndogo na kinywaji cha bei ndogo. Ndiyo maana benchi la Awindiri lina mwanafunzi, mtu wa boda, Msudani anayekumbuka marisa ya kwao, na mimi ninayekumbuka kasiksi. Kikombe kimoja kinakupa haki ya kukaa jioni nzima, na hakuna anayekuuliza kadi.

Siku moja mwanafunzi alikuja na karatasi za utafiti, anatafuta wakimbizi wa kuwauliza maswali. Mzee wa hapa, Mlugbara, akamwambia: "Mkimbizi yupi? Huyu, ama mimi?" Yeye alikimbilia Zaire baada ya Amin kuanguka 1979, wakati watu wengi wa West Nile walikimbia jeshi jipya. Huko, alisema, mama yake aliwalisha kwa kupika kwete. Mwanafunzi aliandika mpaka giza likaingia.

Sisemi pombe haina ubaya. Nimezika jirani aliyeuawa na lira-lira. Nimeona mwanaume akiuza mahindi ya mgao ili anywe, watoto wamelala njaa. Kibaya ni kibaya. Lakini kwete na lira-lira si kitu kimoja, na mama anayepika si yule mwanaume.

Ndugu zetu wa mashirika, mkija kuandika miradi, msimwambie mama aache chungu halafu mkampa sabuni ya kuuza mahali ambapo kila mtu anauza sabuni. Kwanza muulizeni chungu kimelipa nini. Mama wa Awindiri atawajibu haraka: binti yake yuko Muni, mwaka wa pili.