Epoksi Haikauki

Fundi seremala wa Arusha akishamwaga epoksi juu ya kaunta ya baa, husema anasubiri ikauke. Mteja humwelewa na kwenda zake. Neno hilo, hata hivyo, si la kweli, na kasoro yake haiishii kwenye kemia. Kitenzi kukauka hakitembei peke yake. Kina ndugu zake. Kinachokauka huanikwa. Kikichelewa hutolewa juani, hupepewa, au hutiwa tina tangu mwanzo ili kisikawie. Vanishi ikifanyiwa yote hayo haidhuriki, maana vanishi na laka kwa sehemu kubwa ni kitu kigumu kilichoyeyushwa ndani ya kimiminika chenye kuruka. Kimiminika kikisharuka, kigumu hubaki ubaoni. Epoksi ikifanyiwa hivyo huharibika. Ubao uliotolewa juani hupata joto, hewa iliyomo kwenye vinyweleo vya mninga au mkongo hutanuka na kupanda, na uso uliotakiwa kuwa kama kioo hujaa mapovu. Tina nayo hunaswa ndani ya tabaka na kuliacha likiwa laini. Fundi hakukosa ustadi. Alitii neno alilofundishwa.

Kinachotokea ndani ya tabaka hilo ni nini? Epoksi huuzwa katika makopo mawili, na anayezijua zile tyubu mbili za Araldite ameshakutana na kanuni yake. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kigiriki, na linadokeza oksijeni iliyokaa juu ya kaboni mbili na kufanya nazo pete ndogo ya atomi tatu. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu kuliko inavyopenda, kama upinde uliovutwa. Kopo la pili, ambalo mafundi huliita hadina na vitabu huliita kigumishi, lina molekuli za amini zinazoifungua pete na kuishikamanisha na jirani yake, na jirani na jirani, mpaka bakuli zima linakuwa wavu mmoja. Hakuna kinachoruka. Katika epoksi isiyo na kiyeyushi, kama ilivyo nyingi ya kumwaga mezani, ukimwaga kilo moja utabaki na takriban kilo moja, ilhali vanishi hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake hewani. Ushahidi ulio rahisi zaidi ni kitambaa chenye tina: kisugulie kwenye laka iliyokauka, italainika na kunata, kisugulie kwenye epoksi iliyokamilika, haitayeyuka. Laka ilikuwa imekauka tu, na kilichokauka huweza kulowa tena.

Hapa ndipo fundi ujenzi anapomshinda seremala kwa msamiati. Naye hushughulika na kimiminika kinachogeuka kigumu kwa kuungana na kitu kingine, na hajaridhika na kukauka. Zege lake kwanza hushika: halimwagiki tena, unaweza kulikanyaga kwa tahadhari. Kisha hukomaa, na wahandisi hulipima nguvu zake kwa desturi siku ya 28. Katika siku za mwanzo hulimwagia maji asubuhi na jioni, jambo lisilo na maana yoyote kama zege lingekuwa linakauka. Hata kitendo cha mwanzo anacho: zege humwagwa, halipakwi, na epoksi ya mezani, yenye unene wa milimita tatu hivi, nayo humwagwa ikajisawazisha yenyewe. Pendekezo langu basi ni dogo: seremala aazime maneno ya jirani yake. Epoksi humwagwa, hushika, hukomaa. Kwa Kiingereza hatua hii ya mwisho huitwa kwa neno lilelile la kumponya mgonjwa na la kuhifadhi nyama kwa chumvi, kwa hiyo anayedhani lugha hiyo ina istilahi safi iliyozaliwa maabara anakosea. Nao waliazima.

Yapo mapingamizi, na la kwanza lina uzito. Kwa nini isiwe kuganda? Maziwa mgando yanajulikana kila nyumba yenye ng'ombe kuanzia Tengeru hadi Ngaramtoni, na hayagandi kwa baridi wala kwa kukauka; damu pia. Kitenzi hicho kinajua mabadiliko ya ndani. Lakini kinajua pia samli na barafu, vitu vinavyoganda kwa baridi na kuyeyuka kwa joto, na mvuto huo wa baridi ndio hatari yake. Epoksi huenda mbio joto likiongezeka na huzubaa likipungua. Kwa makadirio ya kawaida, kasi yake huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Tena huzaa joto lake yenyewe: mchanganyiko ulioachwa umerundikana kwenye ndoo unaweza kuchemka na kutoa moshi, huku ule uliotandazwa mezani ukibaki mtulivu. Mwenye neno kuganda kichwani atatarajia baridi imsaidie. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi chini ya Mlima Meru, na usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Maelekezo ya kopo yaliyoandikwa kwa nyuzi 25 hayasemi kweli katika karakana ya mabati saa tisa usiku wa Julai. Si hilo tu: baridi yenye unyevu huvuta amini juu ya uso, ikutane na hewa ukaa, na asubuhi meza ina utando wa mafuta mafuta. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na kuusubiri ukauke ni kazi bure.

Pingamizi la pili linasema lugha si kemia. Tunasema jua linachomoza na hatuna haja ya kumsahihisha mtu; mteja akisema meza yake imekauka, nani kaumia? Nakubali kwa upande wa mteja. Kwa mwanagenzi siwezi kukubali, maana yeye huamua la kufanya kwa kufuata neno. Tatizo la hadina linaonyesha hivyo waziwazi. Katika karakana za magari, putty ya bodi hutiwa hadina kidogo, na ukizidisha kidogo hushika upesi zaidi, kwa kuwa pale hadina ni kichochezi tu. Fundi aliyetoka huko anaongeza hadina ya epoksi ili ikauke haraka. Lakini kopo la pili si kichochezi. Ni nusu ya wavu. Ikiwa kipimo ni moja kwa moja, ziada haina wa kuungana naye, inabaki ikizurura ndani ya tabaka, na meza inanata kwa miezi. Kwa sababu hii hata neno kigumishi halinipendezi sana, linaonyesha kopo la pili kama kiungo cha pembeni, mfano wa chumvi. Mwenza lingefaa zaidi, ila sitaligombea.

Kuna wanaotaka jina la kitu chenyewe litoke kwetu, nao wana historia upande wao. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima ilisafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Tulikuwa na mng'ao wa meza za wengine kabla hawajatuuzia wa kwetu. Lakini sandarusi ni utomvu wa mti. Epoksi ilitoka maabara za akina Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, na jina lake la kuazima halimpotezi mtu. Kitenzi ndicho kinachopoteza, na kitenzi tunacho.

Kimebaki kikwazo cha nomino. Kutoka kushika tungepata mshiko, ila mtaani mshiko ni fedha, na fundi anayemwambia mwenye baa kwamba anasubiri mshiko ataeleweka vizuri mno. Muda wa kushika na muda wa kukomaa yanatosha. Mkulima wa Meru hukata mkungu wa ndizi uliokomaa kabla haujaiva, na hachanganyi maneno hayo mawili; seremala naye anaweza kuandika kwenye risiti kwamba kaunta imeshika Jumatatu, inakomaa Jumatatu ijayo, na hadi siku hiyo birika la chai lisikae juu yake. Hata baadaye liwekewe kitambaa, maana epoksi nyingi za mezani huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 60.