Waganga Wawili wa Katavi

Mtu wa Kasokola, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, akisema anakwenda kwa mganga, msikilizaji hana budi kutazama mazingira ndipo aelewe. Huenda ni mganga mfawidhi wa zahanati, mwenye daftari la wagonjwa na dawa za malaria. Huenda ni mganga wa tiba asili, mwenye vibuyu na mizizi iliyochimbwa katika miombo. Serikali yenyewe haijalikimbia neno hilo. Mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, na Dodoma yuko Mganga Mkuu wa Serikali, bingwa aliyesomea utabibu chuo kikuu. Lakini vuka mpaka uingie Kenya: mwenye koti jeupe huko ni daktari, na mganga amebaki kuwa yule wa mabango ya kando ya barabara, anayeahidi kurudisha mpenzi na kutafuta mali iliyoibwa.

Mzizi wa neno hili ni wa kale. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaanza na kufunga: kuganga ni kuunga pamoja kilichovunjika, kamba iliyokatika, mlingoti, mfupa wa mguu. Maana ya kutibu inafuata baadaye. Waganga wa viungo wa vijijini, wanaofunga mfupa kwa vijiti na kitambaa, wanafanya hasa kile neno lilichosema tangu mwanzo. Ramli na pepo ni tawi moja tu la mti huu, na sioni haki ya kulifanya tawi hilo ndio mti mzima.

Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, wenyeji wa nchi hii kabla ya reli na kabla ya mkoa, walijua matawi yote. Wafipa humwita mganga wao *sinaanga*, neno la ukoo uleule. Jina la Katavi linatoka kwa Katabi, mzimu ambaye hadi leo watu humwachia sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa lenye jina lake, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974. Pale penye shina la mkwaju, kuomba mvua, kuomba mtoto na kuomba afya havikutenganishwa. Mwili uliougua na nchi iliyokauka vyote vilikuwa vimevunjika, vyote vilihitaji kuungwa.

Kisha akaja mganga wa aina nyingine, tena Mwafrika. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kupitishwa jangwani kama mtumwa. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walimkomboa Algeria, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, akampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika misheni ambayo mapadri hao walikuwa wameipokea mwaka 1885 kutoka kwa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alikuja kama daktari na katekista. Akaoa binti wa ukoo wa kitemi wa Kibende, mwanawe Joseph akawa padri, naye akaendelea kutibu watu wa ufukwe ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Utawala wa Wajerumani ulikuja ukaondoka, wa Waingereza ukakaribia mwisho, yeye yupo. Sijui kwa nini watoto wa shule nchini hawafundishwi habari zake. Mtu aliyevunjwa na utumwa akatumia maisha yake yote kuganga wengine anastahili kurasa kadhaa katika kitabu cha historia.

Uganga wa dola haukuwa mpole hivyo. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1906 kupambana na malale, alitumia katika visiwa vya Sese, Uganda, dawa ya atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Waingereza nao, katika miaka ya 1920 na 1930, waliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vya msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili mbung'o wasiwafikie. Ugonjwa ulipungua, lakini makaburi na mizimu vilibaki nyuma. Wakati huohuo, sheria ya uchawi ya mwaka 1928 iliweka hirizi na vifaa vya ramli chini ya macho ya polisi. Mganga aliyekuwa mmoja akapasuliwa: wa kuajiriwa na wa kushukiwa.

Mwaka 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda kufuata madini ya risasi, na watu wa kila kabila wakashuka na maneno yao. Mwaka 1972 wakaja wakimbizi wa Burundi, wakapewa makazi Katumba, na miaka michache baadaye Mishamo. Wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Kwa Kirundi, daktari wa hospitali ni *umuganga*. Mpiga ramli ana jina lake mbali, *umupfumu*. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Moba na Kalemie, Kiswahili cha Kongo humwita daktari *munganga*. Kwa hiyo Mrundi wa Katumba anayesikia cheo cha Mganga Mkuu hashangai hata kidogo. Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao wana *nfumu* wao na *bugota*, yaani dawa. Kwa masikio yangu, Katavi inasema lugha ya ziwa kuliko lugha ya mabango ya Nairobi.

Jeraha baya zaidi la neno hili ni la juzi. Watu wenye ualbino walipouawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa tamaa ya viungo vyao, ambavyo wapiga ramli walidai huleta utajiri, Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda, alitangaza Januari 2009 kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na mwezi huohuo akabubujikwa machozi bungeni. Mwaka 2015 serikali ilipiga tena marufuku wapiga ramli. Hasira ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, anayeua si mganga, na kumwita hivyo ni kuwadhulumu wakunga na waunga mifupa waliotunza vijiji kabla ya zahanati kufika. Sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala ilikwisha kuunda baraza la kuwasajili, na Muhimbili, Dar es Salaam, kulikuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974.

Wakati wote huo, kitenzi chenyewe kimeendelea na kazi zake za kila siku. Mahindi yakiisha ghalani na mapya hayajakomaa, mkulima huenda kibarua shamba la jirani, na ukimuuliza hali atajibu kwamba anaganga njaa. Hadai kuiponya. Wagombanao wakipatanishwa barazani, mzee huwaambia kwamba yaliyopita si ndwele, wagange yajayo. Na mganga, wa zahanati au wa miombo, akiugua, majirani humpeleka kwa mwenzake, kwa kuwa mganga hajigangi.