Soko la Magazeti ya Kiswahili Katika Nchi ya Unyamwezi

Mwandishi wa historia ya magazeti ya Ulaya aghalabu huanza na hesabu: nakala zilizouzwa, na fedha zilizoletwa na matangazo ya biashara. Hesabu hiyo ikihamishiwa Igunga yapotosha. Kiswahili kilifika Unyamwezi pamoja na wapagazi wa misafara, kabla ya karatasi yo yote, na watu walizoea kukisikia kuliko kukisoma. Hata gazeti lilipofika, aliyejua kusoma aliwasomea wenziwe. Nakala moja ilikuwa na wasikilizaji ambao mwuzaji hakuwajua kamwe.

Yatazameni majina ya magazeti yenyewe: Msimulizi, lililotolewa na misheni Unguja mwaka 1888, Habari za Mwezi, la Magila, Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Wadachi huko Tanga. Majina mawili ya kwanza yataja mtu asemaye au neno lisemwalo. (Siku zile yote yaliitwa magazeti, hata yale yaliyotoka mara moja kwa mwezi, kulitenga jarida na gazeti ni desturi ya baadaye.)

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu huko Dar es Salaam mwaka 1923, liliweza basi kupanda gari moshi. Igunga, iliyo mbali na reli, ilingoja barabara, na wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga za Wembere haumhurumii msafiri.

Je, hilo lilikuwa soko? Kwa maana ya Ulaya, sidhani. Mambo Leo halikutegemea faida. Nyuma yake palikuwa na hazina ya serikali. Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alipoanzisha Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937, yeye hakuwa na hazina ya namna hiyo. Ilimpasa kutafuta wanunuzi na matangazo, huku akishindana na mshindani asiyeweza kufilisika. Tukisema kwamba Mwafrika hakupenda kununua magazeti, twamhukumu kwa mizani iliyokwisha kuinamishwa.

Lugha nayo iliguswa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja, na gazeti la serikali likawa mwalimu wa tahajia hiyo hata bara. Walakini ni kosa kudhani kwamba maandishi yalitoka pwani tu. Mwaka 1950 jina la Kiongozi lilifufuka, safari hii Tabora, katika gazeti la Kanisa Katoliki. Na matbaa ya misheni ya Kipalapala, nje kidogo ya mji huo, ilichapa Kiswahili kilichosomwa mbali na Unyamwezi. Watunga kamusi wetu hukimbilia mashairi ya Lamu na Mombasa wanapotaka mifano ya matumizi. Kurasa zilizochapwa Tabora ni wachache mno waliozifungua kwa kazi hiyo.