Kabla ya kuwasha mkanda, angalia mwisho wake

Leo naleta historia fupi, lakini naanza na mimi mwenyewe.

Niko na lisanse ya agronomi. Kazi yangu, huu mwaka wa pili sasa, ni kuendesha mashini za kubeba mawe kwenye kiwanda kimoja cha madini huku Katanga. Kamio inamwaga, mashini inavunja, mikanda inapandisha mawe mpaka kwenye rundo. Siku nilipopata kandarasi, mjomba wangu alisema: "Ingenia wa mihogo amekuwa ingenia wa vumbi." Nilicheka naye, lakini ilinichoma.

Papa mmoja, mzee wa kazi, njo alinifundisha sheria ya kwanza: mkanda wa mwisho unawashwa wa kwanza. Unapiga honi, unawasha wa mwisho, kisha unarudi nyuma mmoja mmoja. Ukianza na wa mbele, mawe yanafika pasipo kitu cha kuyapokea, yanamwagika, na mtashinda mnayazoa kwa mikono.

Basi nikajiuliza: historia ya madini yetu, ni nani aliangalia mwisho?

Kabla ya Wabelgiji, kwa Basanga na Bayeke, kulikuwa na watu walioitwa wakula shaba. Kazi yao ilianza karibu na mwezi wa tano, mtama ukishavunwa. Walikusanya malakiti, yale mawe ya kijani, kwa vitunga. Tanuru walizijenga kwa udongo wa kichuguu. Shaba ikayeyushwa, ikamwagwa kuwa misalaba. Mvua ikikaribia, wanarudi kulima. Angalieni vizuri: mbeba mawe na mkulima walikuwa mtu mmoja. Asingeweza kusahau shamba, kwa sababu shamba lilikuwa linamngoja.

Union Minière ilianzishwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na 1911 tanuru kubwa ikaanza kutoa shaba. Sasa kazi haikungoja tena kiangazi. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Walikula posho, na unga mwingi ulikuja kwa treni kutoka Rhodesia. Mbeba mawe na mkulima wakatenganishwa.

Na mwisho wa mkanda? Mabaki yakawa kile kilima cheusi tunachokiona wote kando ya shimini. Miaka ya 2000 ilipoanza, watu walikirudia kutafuta kobalti ndani yake. Lakini moshi hakuna aliyeurudisha. Upepo wa kusini-mashariki uliupeleka upande mmoja wa mji, metali zikashuka kwenye udongo, miti ya miombo ikaisha. Wakubwa wetu wa fakulte ya agronomi ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kufunika udongo ule kwa nyasi inayovumilia shaba, Microchloa altera. Ni kazi ya miaka mingi kwa kosa la kutoangalia mbele.

Kiangazi kilichopita, pampu ya maji yanayozuia vumbi iliharibika kwetu. Mikanda iliendelea. Vumbi lilipita ukuta, likashuka kwenye lenga-lenga ya mamama wanaolima huko nyuma. Niliandika kwenye kaye ya zamu. Mkubwa akasema tani kwanza. Kandarasi yangu ni ya miezi mitatu mitatu, na kodi ya nyumba hainingoji, kwa hiyo mkono ulitetemeka nilipoandika mara ya pili, na ya tatu. Baada ya wiki tatu pampu ikatengenezwa. Udongo wa wale mamama mpaka leo hakuna aliyeupima. Majani waliuza sokoni, na pengine mimi mwenyewe nilikula.

Ndiyo maana sioni tena haya kwa jibu langu kwa mjomba. Kwenye zamu yetu wengi wanajua mashini kunishinda. Paka mimi ndiye niliyesoma udongo. Diploma yangu haikupotea pale, ilikuwa inahitajika pale.

Wewe unayesoma hii na uko kwenye kazi isiyo ya masomo yako, usijifiche. Uliza swali la yule papa: kitu hiki kinaishia wapi, na nani yuko pale kukipokea? Kisha andika kwenye kaye.