Udhaifu wa Neva au Sonona? Historia ya Istilahi Moja Miongoni mwa Wachina

Aghalabu hudhaniwa kwamba istilahi ikisha kusanifiwa, kazi ya mfasiri imekwisha. Historia ya majina ambayo Wachina wameupa ugonjwa wa sonona yaonyesha kuwa sivyo.

Mwaka 1869 George Beard, daktari wa Marekani, alieneza dhana ya udhaifu wa neva. Wajapani waliitafsiri kwa herufi za Kichina, na mapema katika karne ya 20 Wachina wakaipokea kwa matamshi yao: shenjing shuairuo. Neno hilo geni lilipata uenyeji upesi. Silabi shen katika utabibu wa jadi ni roho, na jing ni njia zipitishazo nguvu za mwili. Mgonjwa aliyekosa usingizi, akaumwa kichwa na kuchoka daima, aliona maradhi yake yametajwa, wala hakuhesabiwa kuwa mwendawazimu.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiondoa istilahi hiyo katika mwongozo wake. Mwaka huohuo Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 wa udhaifu wa neva katika jimbo la Hunan. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1982, yalionyesha kuwa 87 kati yao walikuwa na sonona. Baadaye istilahi yiyuzheng ilishika nafasi: yi ni kukandamiza, yu ni kukwama kwa hisia, na zheng ni ugonjwa. Istilahi hiyo ilimfaa daktari, lakini wagonjwa wengi iliwatia aibu, kwani ilitaja akili mahali ambapo wao walitaja mwili.

Tatizo hili liliwafuata Wachina hata ughaibuni. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusu Wachina 55 wa Australia wenye sonona. Walipewa kwa njia ya intaneti masomo 6 ya tiba ya fikra na mwenendo, ambayo misingi yake iliwekwa na Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960. Katika tiba hiyo mgonjwa hufundishwa kuyatambua mawazo yanayomwelemea, kuyapima kwa ushahidi, na kuzirudia shughuli alizoziacha. Aliyeona haya kuingia hospitalini aliweza kujifunza akiwa nyumbani. Aidha, masomo hayakufasiriwa neno kwa neno, bali yalilinganishwa na utamaduni wa wasomaji. Hata jina la mpango halikutaja ugonjwa. Lilitaja kuchangamsha moyo. Waliosoma walipata nafuu zaidi kuliko waliokuwa wakingoja zamu.

Yatupasa nasi kuzingatia jambo hili. Neno sonona limetokana na kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuumia moyoni, na ni istilahi njema. Hata hivyo, mgonjwa afikaye zahanati huenda akasema kwamba ana mawazo mengi, au kwamba moyo wake ni mzito. Asipoyakuta maneno hayo katika karatasi anayopewa, hatajua kuwa inamhusu, naye atarudi nyumbani bila tiba. Kwa hiyo ingefaa kila istilahi ya maradhi iorodheshwe pamoja na misemo ya wagonjwa wenyewe, na mfasiri aitumie yote miwili: istilahi kwa ajili ya usahihi, na msemo kwa ajili ya kueleweka.