Majina ya miungu katika visasili vya Eire na Welisi

Majina ya miungu katika visasili vya Eire na Welisi ni majina ya wahusika wa masimulizi ya kale ambao wataalamu huwahesabu kuwa miungu ya Wakelti. Baadhi yake yanalingana, kwa sababu Kieire na Kiwelisi ni lugha za Kikelti zenye asili moja. Hata hivyo, majina kulingana si uthibitisho kwamba visa navyo ni vilevile.

Vyanzo

Masimulizi hayo yaliandikwa katika Karne za Kati, baada ya Ukristo kuenea. Nchini Eire wahusika hao huitwa Tuatha Dé Danann. Katika Mabinogi ya Welisi wanaonekana kama wafalme, mashujaa na wachawi, wala hawaitwi miungu. Kwa hiyo majina yao ni ushahidi muhimu wa dini ya awali.

Majina yanayolingana

* Nuada (Eire) na Nudd au Lludd (Welisi): Yanahusishwa na Nodens, mungu aliyekuwa na hekalu huko Lydney, Uingereza, wakati wa utawala wa Roma. Nuada alikatwa mkono vitani akapoteza ufalme, kwa kuwa mfalme hakutakiwa kuwa na kilema. Baadaye alitengenezewa mkono wa fedha. Lludd naye ana lakabu ya "mkono wa fedha", lakini hakuna kisa cha Kiwelisi kilichobaki kinachoeleza sababu yake.
* Lugh na Lleu: Yanahusishwa na Lugus, mungu wa Wakelti wa bara. Jina hilo, katika umbo la wingi Lugoves, limeonekana katika maandishi ya Kilatini nchini Hispania na Uswisi. Lugh huitwa "mwenye mkono mrefu", na Lleu "mwenye mkono stadi".
* Manannán mac Lir na Manawydan fab Llŷr: "Mac" na "fab" yote yana maana ya "mwana wa". Lir ni umbo la neno la Kieire cha kale linalomaanisha bahari, na Manannán ni mtawala wa bahari. Manawydan, kinyume chake, hutengeneza matandiko ya farasi, ngao na viatu ili apate riziki.
* Goibniu na Gofannon: Yote mawili yanatokana na neno la Kikelti lenye maana ya mhunzi.

Mipaka ya ulinganisho

Si kila ulinganisho unakubaliwa. Jina la Dôn, mama wa ukoo maarufu katika Mabinogi, mara nyingi hulinganishwa na Danu wa Eire, lakini wataalamu hawaafikiani kuhusu asili yake. Vilevile Lugh anamuua babu yake Balor vitani, ilhali kisa cha Lleu kinahusu mama aliyekataa kumpa jina na mke aliyemsaliti.